Walioinamisha Macho

Yule mama alipoketi mbele ya kompyuta alivua leso begani, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani. Nilimwonyesha vitone tisa vya kufuata kwa macho ili kifaa cha kufuatilia macho kimzoee. Akavifuata vyote kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine. Kisha nikabonyeza, na uso wa mwanamume aliyekasirika ukajaa kwenye skrini. Mama akainamisha macho. Akayatuliza kwenye ile leso, akakaa hivyo, mikono imefumbatwa, kama mtu anayemngoja mkubwa wake amalize kusema.

Kwenye kompyuta iliyokuwa upande wangu tarakimu zilikatika. Kifaa chetu kilisoma macho mara 60 kwa sekunde, na kila kilipoikosa mboni kiliandika nafasi tupu. Uso ule ulikaa sekunde 5. Safu 300, na karibu zote zikawa tupu. Nyuso nyingine zikaja na kwenda. Uso wa mwanamke anayecheka ulimfanya ainue macho kwa muda, halafu akayarudisha chini. Mwishoni programu ikaleta maandishi mekundu kwamba data haitoshi.

Nikamshukuru, nikampa shilingi 500 za nauli na za asubuhi aliyofunga kibanda chake cha mboga, akashuka ngazi. Nikafuta nambari yake kwenye orodha ya washiriki. Alikuwa wa nne wiki hiyo.

Chumba chenyewe tulikikodi mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Dirishani tulitundika blanketi. Kifaa cha kufuatilia macho humulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana, kamera yake ikatafuta mboni na kimetameta kidogo kinachoakisiwa na uso wa jicho, na kwa kupima nafasi iliyo kati ya viwili hivyo programu hukokotoa mtu anatazama wapi. Jua la Nairobi saa nne asubuhi limejaa infraredi. Likipenya linafunika kila kitu. Kope za bandia nazo zinasumbua, wanja mzito unasumbua, miwani mingine inasumbua. Na kope ya juu ikishuka, kama inavyoshuka mtu anapotazama chini, mboni inafichika, na kwa kifaa ni kana kwamba kiti kile hakina mtu.

Wengi waliokuja waliniita daktari. Tulikuwa tumebandika karatasi inayosema tunafanya utafiti wa macho na hisia, na mtaani neno lililoshikwa ni macho. Wazee walipanda zile ngazi wakiamini watapimwa miwani. Mmoja alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Kifaa kilishindwa kumsoma, nami nikaandika kwenye fomu kwamba ameshindwa. Alikuwa ameshaondoka nilipoelewa kwamba alikuja kwangu kutafuta matibabu, akapewa nauli. Tangu siku hiyo karatasi ya mlangoni iliandikwa upya kwa maneno ya wazi, na nilihifadhi nambari ya kliniki ya macho kwenye simu. Tulikuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili, fomu za ridhaa zilikuwa safi, na bado mzee yule hakuelewa alikuja kufanya nini. Sijawahi kulisahau hilo.

Nieleze niliingiaje kwenye kazi hii. Nachunguza jinsi watu wanavyoelekeza umakini kwa watu wenzao: tunamtazama nani, sehemu gani ya uso wake, kwa muda gani, na hisia zinaingiaje humo. Niliipenda nikiwa mwanafunzi, siku mwalimu alipotuonyesha michoro ya Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti aliyechapisha kazi yake mwaka 1965. Yarbus alibandika kikombe kidogo chenye kioo juu ya jicho la mtazamaji, mwanga ukaakisiwa na kuchora njia ambayo jicho limepita. Mbele ya picha ya uso, mistari ilirudi tena na tena kwenye macho na mdomo. Na alipobadilisha swali, akamwambia mtazamaji akadirie umri wa watu waliomo kwenye picha au hali yao ya maisha, jicho lilishika njia nyingine. Nilihisi nimeonyeshwa wazo la mtu likichorwa.

Baadaye nikajifunza jaribio la Friesen na Kingstone la mwaka 1998. Unaonyeshwa uso wa kuchorwa, macho yake yanatazama kushoto au kulia. Unaambiwa waziwazi kwamba macho hayo hayatabiri chochote. Kisha herufi inatokea upande mmoja, na unapaswa kubonyeza haraka. Pamoja na kuambiwa, unakuwa mwepesi zaidi herufi ikitokea upande ule ambao macho yametazama, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hatuwezi kujizuia. Hata watoto wachanga, kama Scaife na Bruner walivyoonyesha mwaka 1975, huanza mapema kugeuza kichwa kufuata alikotazama mtu mzima.

Kwa hiyo nilipopata nafasi kwenye mradi huu, wa chuo kimoja cha hapa na wenzetu wa ng'ambo, nilikuja na imani moja: jicho likienda mahali, moyo nao umekwenda. Jicho lisipokwenda, hakuna kitu.

Aliyeitikisa imani hiyo ni msaidizi wetu, kijana wa palepale Umoja. Alikuwa akiwasindikiza washiriki mpaka steji. Jioni, tukikunja blanketi, akaniuliza kwa nini nimemfuta yule mama wa mboga.

"Hakutazama picha," nikamwambia.

"Hakutazama? Njia nzima alikuwa akinihadithia zile nyuso. Ameniambia yule wa kwanza ana hasira ya mtu aliyedharauliwa. Eti si hasira ya mtu aliyeibiwa, hiyo iko tofauti."

Usiku nilifungua faili lake badala ya kulala. Nilikuwa nimezoea kuangalia jumla tu, asilimia ya safu zilizojaa, na kuamua. Sasa nikapitia safu moja moja. Kabla ya kila kipande kirefu cha nafasi tupu kulikuwa na safu ishirini hivi zilizojaa, kama thuluthi moja ya sekunde, na karibu zote zilikuwa zimetua kwenye macho ya yule mtu wa pichani au katikati ya nyusi zake. Uso baada ya uso, mtindo ulikuwa uleule. Alikuwa akitupa jicho mara moja pale penye habari, anaichukua, kisha anainama.

Thuluthi ya sekunde si muda mdogo kwa kazi hiyo. Willis na Todorov walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kujiundia maoni kuhusu uso wa mgeni, na akiongezewa muda maoni yale hayabadiliki sana. Anazidi tu kuyaamini. Yule mama alikuwa na mara tatu ya muda huo. Sisi tulimpa sekunde 5 tukitaka azitumie zote.

Kesho yake nikaenda kibandani kwake, nikanunua sukuma wiki na nyanya, nikamwambia ukweli kwamba jana nilidhani hakufanya kazi vizuri, na sasa naona ni mimi niliyekosa.

"Mwanangu," akasema huku akikata sukuma, "mtu akiwa na hasira utamtolea macho? Si utamwongezea? Unamwona, unajua, unatulia." Akatia sukuma kwenye mfuko. "Na wewe ulikuwa umesimama pale nyuma yangu. Mtu wa kusoma. Nikaze macho mbele yako kama mtu asiye na mama?"

Hili la mwisho lilinichoma. Nilikuwa nimesahau kujihesabu ndani ya chumba. Ukumbi wa maabara unakufanya uamini kwamba uliopo ni uso wa skrini tu, na wewe ni kama kabati. Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa Laidlaw na wenzake uliofanywa Kanada, ambao nilikuwa nimeusoma na hata kuufundisha. Watu walivalishwa kifaa cha kufuatilia macho wakiwa wamekaa kwenye chumba cha kungojea. Wengine walikaa na mtu halisi, wengine na mtu huyohuyo kwenye video. Wa kwenye video alitazamwa sana. Wa halisi, aliyeketi hatua chache tu, hakutazamwa ila mara chache. Kumtazama mtu aliye hai ni kusema naye. Picha haiwezi kukurudishia jicho. Nilikuwa naujua utafiti huo kwa kichwa, lakini nilikuwa sijaona kwamba mtu halisi kwenye chumba kile cha Umoja ni mimi.

Nilirudi kwenye vitabu kwa njaa nyingine. Na huko nikakutana na watu wa kwetu.

Mimi nimezaliwa Nairobi, lakini wazazi wangu ni Abagusii, yaani Wakisii. Katika miaka ya 1970 Robert LeVine na wenzake waliishi Kisii kuchunguza malezi ya watoto wachanga, wakalinganisha akina mama wa huko na wa Boston, Marekani. Akina mama wa Boston walizungumza sana na watoto wao na kuwatazama usoni. Wa Kisii walishika, walibeba, walinyonyesha, walituliza kilio haraka, lakini hawakukaa uso kwa uso na mtoto kwa mazungumzo. Wenzake LeVine walipowaomba wacheze na mtoto mbele ya kamera, ilionekana kwamba mtoto alipofikia kilele cha furaha, miguu ikirusharusha, mama aligeuza macho pembeni. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1981, na mmoja wa waandishi wake ni Edward Tronick, yuleyule aliyejulikana mwaka 1978 kwa jaribio la uso mkavu, ambapo mama anaombwa akaushe uso mbele ya mtoto wake, na mtoto anahangaika kumrudisha: anatabasamu, ananyoosha mikono, mwishowe anageuka kando. Darasani, mara ya kwanza kuona filamu ya jaribio hilo, nililia.

Sasa nilikuwa na mimba ya miezi saba, nasoma usiku kwamba mama zangu hugeuza macho mtoto akicheka. Nikampigia mama simu kabla sijajishauri.

"Mama, nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinitazama?"

Akanyamaza kidogo. "Nani amekuuliza hivyo?"

"Nimesoma kwenye kitabu."

"Nilikuwa nakubeba mgongoni. Ningekutazamaje?" Kisha akaendelea polepole, kama anayehesabu. "Magokoro, bibi yako, alinikanya nisikuchezeshe sana. Mtoto akizoeshwa uso wa mamake hatataka kushikwa na mwingine. Nikienda kuchuma chai, dada yako atamtulizaje? Lakini pumzi yako nilikuwa nazijua zote. Ya usingizi. Ya njaa. Ile ya kuugua. Ukibadilisha tu, mgongo unajua."

Sababu aliyoitoa ndiyo LeVine naye aliyoandika, kwamba malezi yale yalilenga mtoto mtulivu ambaye kaka au dada anaweza kumlea mama akiwa shambani. Lakini hilo la mgongo kujua sikulisoma mahali. Hakuna safu yake kwenye faili lolote.

Kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii, kuna neno chinsoni, adabu ya kuoneana haya kati ya kizazi na kizazi kinachofuata, mzazi na mtoto aliyekua, mtu na wakwe zake. Lisikilize vizuri utasikia ndani yake soni ya Kiswahili. Tuna lugha yenye kuona, kutazama, kuangalia, kuchungulia, kukodoa, kukazia, kutupia jicho, kukata jicho, kutolea macho, na mtu asiye na haya tunasema ana macho makavu. Watu wenye maneno haya yote wamefikiria sana kuhusu kutazamana. Nilikuwa nimeyaacha mlangoni nikaingia na kipimo kimoja.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo lilikuwa la maneno kabisa. Baada ya kila picha tuliuliza swali lililotafsiriwa kutoka fomu ya Kiingereza: "Mtu huyu anahisi nini?" Fundi mmoja wa jua kali akatazama mwanamke aliyekunja nyusi, akajibu: "Anahisi wamemwibia." Mwingine: "Anahisi bwanake ana mtu wa pembeni." Msaidizi akaandika kwamba hawakuelewa swali. Waliolielewa ni wao. Kuhisi ni kupata hisia, na pia ni kushuku, kuona dalili ya jambo ambalo hujalithibitisha. Sisi tuliuliza hali ya moyo, wao wakajibu dhana iliyo kichwani mwa yule mtu, na kwa Kiswahili chao jibu lilikuwa sahihi.

Tukajaribu "Anasikiaje?" Nairobi mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu, husikia vibaya. Hapo milango ikafunguka. "Anasikia uchungu." Neno hilo lilitoka mara nyingi kuliko yote, na fomu yetu haikuwa na mahali pa kuliweka. Fomu ilikuwa na visanduku sita: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Uchungu ni wa mwarobaini mdomoni, ni wa mama anayejifungua, ni wa aliyefiwa, na ni ile hasira inayokaa ndani bila kutoka. Uuweke kwenye huzuni au kwenye hasira? Nilimwona msaidizi akirusha shilingi kichwani mwake na kuchagua, nikamsimamisha.

Visanduku hivyo sita vina historia. Mwaka 1971 Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha kazi waliyoifanya kwa Wafore wa Papua New Guinea: mtu anasomewa kisa kifupi, kisha anachagua picha ya uso unaofaa miongoni mwa picha chache. Wengi walichagua kama walivyotarajiwa, na kutoka hapo ikaenea kauli kwamba nyuso za hisia hizi ni zilezile duniani kote. Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake walikwenda kwa Wahimba wa Namibia na picha za nyuso, lakini kundi moja hawakulipa visanduku. Waliwaomba watu hao wapange picha wenyewe, zinazofanana pamoja. Mafungu hayakulingana na yale sita, na Wahimba walipoulizwa wayape majina, mara nyingi walitaja kitendo: anacheka, anatazama kitu. Niliposoma hilo niliwakumbuka watu wangu wa Umoja. "Huyu ametoka mazishini." "Huyu ameitwa na mwalimu mkuu." Walikuwa wakiupa uso kisa chake, kwa sababu uso usio na kisa haumhusu mtu.

Na ni lazima niseme hili kwa sababu linaniuma. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida makuu ya saikolojia ya Marekani akakuta kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo watu wake ni asilimia 12 tu ya dunia. Katika hali hiyo, kila mtu wa Umoja anayekubali kupanda ngazi zile ana thamani kubwa sana kwa sayansi yetu. Nasi tulikuwa tukiwafuta wanne kwa wiki.

Aliyenifundisha zaidi hakuwahi hata kuketi mbele ya kifaa. Ni dada mmoja aliyefanya kazi za nyumbani Kileleshwa kwa miaka 11. Alikuja kumsindikiza jirani yake, akakaa kwenye benchi la nje, tukaanza kuzungumza. Nilimweleza tunachotafuta. Akacheka kidogo, kwa upole.

"Mimi bosi wangu sikuwa namtazama usoni. Nilikuwa namsikia geti."

"Geti?"

"Akiligonga kwa nguvu, amechoka tu. Atakula alale. Akilifunga polepole, siku imekuwa mbaya. Kisha nasikiliza funguo. Akiziweka mezani, sawa. Akiingia nazo mkononi anazunguka nazo, nawaita watoto jikoni wale mapema."

Miaka 11 ya kusoma hisia za mtu mmoja, kila siku, bila kuinua macho kutoka kwenye sinki, na kukosea kungemgharimu kazi. Hakuna mtaalamu wa hisia niliyewahi kumsikia kwenye mkutano wowote anayemkaribia. Saikolojia ya kisasa ya umakini ilianza kwa sehemu kubwa na masikio, kwa kweli: mwaka 1953 Colin Cherry aliwapa watu sauti mbili, moja kila sikio, akauliza wanawezaje kufuata moja, mwaka 1959 Neville Moray akaonyesha kwamba baadhi yao husikia jina lao likitajwa kwenye lile sikio walilolipuuza. Kisha sisi wa hisia tukakimbilia nyuso, kwa sababu uso ni rahisi kuuweka kwenye skrini, na geti halionyeshwi.

Niliwaandikia wenzetu wa ng'ambo nikaomba tubadilishe kanuni ya kuwaondoa washiriki. Walikataa, na sababu yao ilikuwa nzuri. Kanuni ilikuwa imewekwa kabla ya kazi kuanza, na hiyo ndiyo kinga dhidi ya mtafiti kuchagua data inayompendeza. Ukishaona matokeo ndipo ubadilishe kipimo, umeanza kujidanganya. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba ningefanya kama wao. Tulichofanya ni kuhifadhi mafaili yote ya waliofutwa na kuanzisha kazi ndogo ya pembeni, yenye kibali chake. Kipimo kilikuwa safu zile za mwanzo kabla ya jicho kushuka. Viti viliwekwa sambamba, si uso kwa uso, vile watu wanavyokaa kwenye benchi au ndani ya matatu. Mwenyeji wa chumba akawa mama wa mtaa uleule, rika moja na washiriki, anayewaambia kwa lugha yao ya kila siku, "Angalia hapa dadangu, halafu tuongee." Mimi nikakaa nje kwenye ngazi.

Nikiwa kwenye ngazi nikafanya kosa la pili, la upande wa pili. Alikuja binti wa miaka 19, akainamisha macho tangu mlangoni mpaka mwisho. Nami, mwenye elimu mpya, nikamwambia mwenyeji kwamba hii ndiyo adabu niliyokuwa nikiisema. Mwenyeji akaniangalia kwa muda. "Hiyo si adabu," akasema. "Wa adabu anainama shingo ikiwa laini. Huyu mabega yako masikioni." Aliyemleta binti, mumewe, alikuwa amesimama nasi pale nje, mlango ukiwa wazi nusu, akisikiliza kila jibu. Tukamrudisha binti siku nyingine, peke yake. Alizungumza saa nzima, na mengi aliyosema hayakuwa ya utafiti, wala siyaandiki hapa. Tangu hapo anayemleta mshiriki hungoja chini kwenye duka la dawa. Macho yaliyoinama yanaweza kuwa heshima, hofu, uchovu, aibu, msiba, au mtoto wa jicho. Kuyatofautisha kunahitaji shingo, mabega, sauti, na mtu anayejua mtaa. Nilikuwa nimeondoka kwenye kipimo kimoja nikakimbilia kingine chepesi vilevile.

Yule mama wa mboga alirudi. Niliwasikia kupitia mlango, yeye na mwenyeji, wakibishana kuhusu uso mmoja kama majirani wanaobishana kuhusu mtu wa ploti yao. "Huyu anajifanya." "Anajifanya nini, si unaona amelia?" "Amelia jana. Leo anajifanya." Faili lake limejaa nafasi tupu kama lile la kwanza. Kurasa za maneno yake ni tisa.

Mwanangu alizaliwa Juni. Mama akaja Nairobi kunisaidia. Wiki za kwanza nilikuwa nikimweka mtoto mapajani na kumtazama kwa muda mrefu, nikihesabu nani anageuza macho kwanza, kwa sababu mazoea ya kazi hayaachiki. Mama hakusema kitu. Asubuhi alimfunga mgongoni kwa leso na kuingia jikoni.

Siku moja nilisimama mlangoni nikimwangalia. Alikuwa akikoroga uji wa wimbi, amenipa mgongo, na mgongoni mtoto amelala, shavu limebonyea kwenye kitambaa. Redio ilikuwa ikisema, nje watu wa mitumba wakipita wakiita bei. Mama hakugeuka. Alipunguza moto, akapeleka mkono mmoja nyuma chini ya mtoto, akampandisha kidogo.

"Ameamka," akasema.

Nilimtazama mtoto. Macho yalikuwa yamefumba. Nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, na kope zikaanza kutikisika.